Alizeti Isiyolala

Nilipunguza upana wa nyuzi mbili tu. Mbili kushoto, mbili kulia, upande ule mpana wa petali. Makasi yalipita kwenye karatasi ngumu ya boksi, nje mvua ya Julai ikipiga mabati ya mtaa wetu wa Munyaka, nami nilikuwa nikisema kwa sauti, peke yangu chumbani saa tisa mchana: Nenda basi. Nenda ukashone.

Anayeijua alizeti ya mama yangu ataelewa nilichofanya. Ina petali kumi na mbili za vitambaa vya manjano. Ncha nyembamba hukutana katikati, ncha pana hutazama nje, na kiduara cha kahawia hufunika kitovu. Petali zikikatwa sawasawa, ua hulala bapa kama sahani. Zikipungua kidogo, kidogo sana, kila moja peke yake huonekana haina kosa. Unashona ya kwanza, ya pili, ya tano, unafurahi. Ukifika ya kumi na mbili ndipo ua linakukataa. Linafunga, ndiyo, lakini linajikunja na kusimama kama bakuli, na hakuna pasi duniani ya kulilaza.

Nilitaka limkatae Nasike mbele ya Wazungu.

Nasike alikuwa mwenyekiti wetu. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja tulioshona viraka katika chumba nyuma ya kanisa, na mimi, niliyekuwa na diploma ya ushonaji na kazi ya kurekebisha sare za shule katika duka moja mjini, ndimi niliyesoma na kujibu barua za kikundi. Kwa hiyo ile barua ya kutoka Ubelgiji niliifungua mimi. Mji mdogo, maonyesho ya kazi za mikono, siku nane. Walikuwa wameona picha ya tandiko la kitanda lenye alizeti. Walimtaka mwanamke aliyelishona aende akae mbele ya watu, ashone, watu wamtazame. Niliisoma mara tatu. Haikusema kikundi. Haikusema mwenyekiti. Ilisema mwanamke aliyelishona, na mwanamke huyo alikuwa Waithira, mama yangu, mwenye miaka sitini na mmoja.

Tulienda kumtafutia pasipoti. Mashine ya alama za vidole ilimkataa mara nne. Karani akampa karatasi ya kujifuta, akamgeuzageuza vidole kama anayekagua viazi.

"Mama, hizi vidole umezifanyia nini?"

"Nimeshonea," mama akasema.

Hiyo ndiyo safari pekee ambayo pasipoti ile ilifanya: kutoka dirisha la karani hadi ndani ya Biblia yake, kati ya Ruthu na Samweli. Mpaka leo haina muhuri hata mmoja. Kwani wiki mbili baadaye Nasike alisimama katikati ya chumba, kikombe cha chai mkononi, akatangaza kwamba ataenda yeye.

"Mama Nyokabi, unajua vile nakupenda," alimwambia mama. "Lakini hiyo magoti yako, na ndege masaa nane? Na Wazungu wakikuuliza kitu, utawajibu na Kikuyu?"

"Kwani wewe Madam utawajibu na Kibukusu?" akadakia Chepkirui, ambaye hajawahi kuacha neno limpite. Watu wakacheka. Nasike alicheka pia, kidogo, kisha akaacha.

"Mimi nimesoma, Chepkirui."

"Barua imesema mwanamke aliyeshona," nilisema. Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka. "Mimi ndio niliisoma, Madam. Imesema hivyo."

"Kikundi ndio kilishona." Aliwageukia wengine. "Ama kuna mtu hapa hajui kushona?"

Wanawake kumi na mmoja, sindano kumi na moja, na ghafla kila mtu alikuwa na uzi wa kutafuta mapajani. Nilimtazama mama. Nilimngoja aseme. Alikuwa akinyoosha kitambaa kwenye goti kwa kiganja, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Sawa," alisema. "Aende."

Siku ile nilimkasirikia mama kuliko nilivyomkasirikia Nasike, na sikujua niiweke wapi hasira hiyo, maana mama hakumkosea mtu yeyote isipokuwa nafsi yake.

Basi Nasike akaniita pembeni. Alitaka nimfungie kazi ya safari "kama vile mama yako hufanya". Mama hasafiri bila kazi ya mkono. Hata akienda mazishini Turbo ataondoka na ua moja kwenye kikapu. Na ana namna yake. Kila ua huwekwa kwenye pakiti yake, pakiti ya maziwa iliyooshwa na kukaushwa. Petali hutungwa kwenye uzi kwa mpangilio wa kushonwa, zisichanganyike gari likiruka shimo. Sindano hutiwa uzi nyumbani, kwenye mwanga, kila uzi urefu wa kutoka kifuani hadi ncha ya kidole, kisha huchomekwa kwenye kipande cha sabuni ya mche ili zipenye kitambaa bila kelele. Barabarani hahitaji makasi wala rula. Uamuzi wote umeshafanywa mezani. Kilichobaki ni mkono kwenda na kurudi.

"Na kwa ndege makasi hawaruhusu," Nasike alisema, "kwa hivyo ukate kila kitu vizuri, sitaki kuaibika. Na unipatie ile bati."

"Bati gani?"

"Ile ya kupimia. Wazungu wanapenda kitu iko na historia."

Bati hilo ni umbo la petali moja. Mama alilikata mwaka niliozaliwa, kutoka kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia, na makali yake akayasugua kwenye jiwe la kizingitini mpaka yakawa laini kama ukucha. Upande mmoja herufi mbili za jina la mafuta bado zilionekana, nyekundu. Kila alizeti aliyowahi kushona ilitoka kwenye bati lile. Nilidhani hapo atakataa. Alilifuta kwa upindo wa sketi, pande zote mbili, akalitia mkononi mwa Nasike.

Ndipo nikatengeneza kipimo changu. Kabla bati halijaondoka nililiazima kwa Nasike, nikalichora kwenye karatasi ya boksi, nikakata, nikapunguza nyuzi mbili kila upande. Maua manane, petali tisini na sita. Nilizikata zote kwa mkono wenye diploma, hazikuchanika, hazikupinda. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile. Nilizitunga, nikazifungia kwenye pakiti, nikapanga sindano kwenye sabuni kama meno.

Uwanja wa ndege kikundi kizima kilimsindikiza kwa wimbo, na mimi nikapewa mkoba wake niubebe. Nasike alinikumbatia mbele ya kila mtu. "Huyu ndio mikono ya dhahabu," akasema. Nilitabasamu kwa meno tu. Mama alikuwa kando, amevaa koti lake la kanisani, akipiga makofi nje ya mdundo.

Kile kipimo cha uongo nilipaswa kukichoma jikoni siku ileile. Sikukichoma. Nilikitia kwenye kikapu cha nyuzi nyumbani, na sababu yake ni ya aibu: nilikuwa nimekipenda.

Kesho yake nilikuwa kazini, magoti yamefunikwa na sketi za shule za kuteremsha pindo, simu ikalia. Mama mdogo Wahu alikuwa ameteleza kwenye tope akienda kukamua ng'ombe, mguu umevunjika, na mama alikuwa tayari amefika kwake Burnt Forest.

"Nitakaa wiki mbili, pengine zaidi," aliniambia. "Nilifunga kazi kidogo nikaja nayo. Nimeona ile kipimo umenikatia, kwa kikapu. Uliona bati imeenda ukanifikiria. Mungu akubariki, Nyokabi."

Mtandao ulikuwa mzuri. Nilimsikia hata ng'ombe wa Wahu. Nilikuwa na muda wote wa kusema: Maitu, mama yangu, hicho si chako, kitupe. Mdomo wangu ulifunguka, nikasema, "Sawa, Maitu."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijiambia atagundua kwenye ua la kwanza, atacheka, ataniuliza, nitajitetea. Nilijiambia simu si mahali pa kueleza. Ukweli ni mfupi zaidi. Alikuwa amenibariki, na sikutaka kuirudisha baraka.

Mama alirudi baada ya siku kumi na sita. Aliweka kikapu mezani kabla hata ya kuvua koti, akatoa maua sita. Yalikuwa yamesimama, moja ndani ya jingine, kama mabakuli ya dukani. Nilishika la juu. Kando ya kila mshono kulikuwa na mistari ya vitundu vidogo, safu juu ya safu. Alikuwa ameshona, akafumua, akashona tena, akafumua, kitambaa kikachoka mpaka kikawa kama chujio.

"Macho yangu yameisha," alisema.

"Pengine ni kitambaa, Maitu."

"Kitambaa ni kile kile." Aliketi. "Hata Wahu ameona. Nimeanza upya mara tatu, mara nne. Mkono unaenda mahali unajua, halafu mwisho inakataa."

Pale pia ningesema. Nilimwekea maji ya chai.

Jumatatu nilimpeleka kwa daktari wa macho mjini. Daktari akamsomesha herufi, akamwangaza, akasema macho ni mazuri kwa umri wake, miwani ile ile inatosha. Nilifurahi kama mjinga. Tukatoka, tukasimama kando ya barabara kungoja malori ya mahindi yapite, na mama akasema, akiyatazama magurudumu, "Basi si macho. Ni kichwa."

Nyanya yangu, mama yake, alikufa akiwa hajui jina la mtu yeyote ndani ya nyumba.

Jioni ile alinipa ile sabuni yenye sindano, akaniambia nimpelekee Chepkirui, yeye bado mikono yake inamsikia. Niliificha ndani ya mkoba wangu. Nilitembea nayo siku tisa, sindano zikitoboa kitambaa na kunichoma ubavu kila nilipoinama kazini, na kila iliponichoma nilimlaani Nasike. Si mimi. Nasike. Hasira ni kitu cha ajabu, utaibeba siku tisa ukidhani unajua inamtazama nani.

Maonyesho yalikuwa ya siku nane, lakini Nasike alirudi baada ya mwezi, amenona kwa furaha. Tulikusanyika kwenye chumba chetu, tukanywa chai, akapitisha simu yenye picha: Nasike chini ya taa, Nasike na mwanamke mwenye nywele nyeupe, Nasike akishona na watu wamemzunguka. Nilitafuta kwenye nyuso zao ile aibu niliyoikata kwa mkono wangu. Haikuwepo.

"Sasa ngojeni," alisema. "Ua ya kwanza nimeshona, nimefika mwisho, ikasimama! Nikasema leo nimekwisha, mbele ya hawa watu wote. Nikataka kulia. Huyu mama wa nywele nyeupe akaichukua, akaiweka mezani, akatia mayai ndani. Watu wakapiga makofi! Wanasema hawajawahi kuona hiyo kitu. Wanataka arobaini. Arobaini, mabibi!"

Akaitoa moja kwenye mkoba na kuiweka mezani. Chepkirui aliinyakua, akajivika kichwani.

"Hii ni ya mayai ama ni kofia ya askofu? Pigeni magoti niwabariki."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono, na Chepkirui akaivua akampa, kicheko kikimfia mdomoni. Mama aliigeuza. Aliupitisha mshono chini ya kidole gumba, mishono mirefu ya Nasike kama meno ya reki, akafika kwenye ncha pana, akasimama hapo.

"Hii umeshona wewe?"

"Mimi mwenyewe, Mama Nyokabi!"

"Na kukata?"

"Kukata si ni huyu msichana wako. Mikono ya dhahabu."

Mama alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, nilikuwa naisubiri kama mtu anayesubiri sindano hospitalini. Lakini kilichokuja kwanza hakikuwa hasira. Kwanza uso wake ulirudi. Sijui niseme vipi. Wiki zile zote alikuwa amevaa uso wa mgeni, wa mtu anayeuliza njia, na pale, na ua lile bovu mkononi, niliona mama yangu akirudi ndani ya uso wake, macho, kidevu, vyote. Alivuta pumzi ndefu. Kisha akaelewa yaliyobaki, na mlango ukafungwa.

Alimgeukia mwenyekiti.

"Rudisha bati yangu."

Nasike alisogeza kikombe chake. "Hiyo walibaki nayo. Wameiweka kwa kabati ya kioo, Mama Nyokabi, ni heshima kubwa. Wameandika chini jina la kikundi."

"Jina la kikundi?" niliuliza.

"Jina langu, kwa niaba ya kikundi. Wewe msichana, usianze."

Mama alisimama. Magoti yake yalilia na hakuna aliyejifanya hajayasikia. Aliliweka ua lile mezani, limesimama.

"Hii bakuli mimi sishoni," alisema.

"Na oda? Watu wanangoja arobaini! Nani atashona?"

"Si ulisema kikundi ndio kilishona? Shoneni."

Chepkirui aliweka chini kikombe chake na kuanza kukunja vitambaa vyake. Hakuwa na utani wowote.

Tulitembea hadi nyumbani, mimi nyuma, yeye mbele, kama nilipokuwa mdogo. Ndani ya nyumba nilitoa sabuni mkobani nikaiweka mezani. Sindano zote zilikuwepo.

"Ni mimi," nilisema. "Nilitaka Nasike aaibike. Sikujua utakichukua kile kipimo."

"Ulijua lini?"

"Uliponipigia simu."

Niliusikia mfereji wa jirani ukijaza ndoo mpaka ikafurika.

"Unajua nilikuwa nafanya nini kila asubuhi?" alisema. "Kabla ya kutoka kitandani. Nilikuwa naita watoto wa Wahu. Wa kwanza, wa pili, mpaka yule mdogo. Nione kama bado nawajua. Halafu naita jina lako. Nyokabi. Naita tena. Nikishakuita natoka, nakupata hapa jikoni unanipikia uji. Na wewe unajua."

"Maitu, nilikasirika kwa ajili yako."

"Mimi sikukutuma."

Nilitamani anipige. Alienda chumbani, akarudi na tandiko la kitanda chake, lile la kwanza kabisa, la mwaka wa bati. Alizeti zake zilikuwa zimepauka na kuwa rangi ya majani makavu ya mahindi. Alilitandaza mezani, akatafuta ua la pembeni, akaliwekea kidole.

"Bati imeenda. Umbo limebaki hapa tu. Fumua moja."

"Tandiko litaharibika."

"Fumua."

Nilifumua. Mishono yake ya miaka ishirini na sita ilikuwa midogo mpaka nililazimika kuitafuta kwa kucha, na kila mmoja ulishika kana kwamba haujaambiwa kazi imekwisha. Petali ilipotoka nikaigeuza. Pindo lililokuwa limefichwa ndani ya mshono lilikuwa bado manjano kabisa, kali, kama kitambaa kilichokatwa asubuhi hiyo. Nilianza kulia, kwa hasira bado, hasira iliyokuwa sasa haina pa kwenda. Mama alichukua petali, akainyoosha kwa pasi, akainusa, sijui kwa nini. Kisha akanipa kifuniko cha mkebe na msumari wa kuchorea. Makali nikayasugua mimi, kwenye jiwe la kizingitini, mpaka vidole vyangu vikawaka. Alikuja mara mbili kuyagusa. Mara zote mbili alisema, "Bado."

Tandiko lile hakulishona tena. Lina ua moja la petali kumi na moja, na penye ile ya kumi na mbili unaona pamba. Mgeni akiuliza, anasema ni panya. Halafu ananitazama.

Nasike alipata wa kumshonea bakuli zake. Mimi bado nikimwona mjini navuka barabara, si kwa woga, ni kwa sababu sijapata neno la Kiswahili linalomtosha, na ninajua mengi.

Mguu wa Wahu haukupona vizuri, kwa hiyo mama huenda Burnt Forest kila mwezi. Kazi ya safari humfungia mimi. Maua sita, petali sabini na mbili. Nazikata kwenye bati jipya, natia nyuzi kwenye sindano, kifuani hadi ncha ya kidole, nachomeka kwenye sabuni. Kisha naketi ng'ambo ya meza na mama anazichukua moja moja, anailaza kila moja juu ya bati, anapitisha kidole gumba ukingoni. Zote. Imekuwa hivyo kwa mwaka mzima na miezi miwili.

Wiki iliyopita alipima sabini na moja. Ile ya mwisho aliitia kwenye pakiti bila kuilaza kwenye bati, akanitazama, akanisogezea nifunge, akaenda kutafuta koti lake.

Niliitoa, nikaipima mwenyewe.